DENI LA NYUMBA: TOKENI KWENYE RIBA MAPEMA, MSIWARITHISHE WATOTO

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya haya:



Kuna usemi umeenea siku hizi barazani kwetu, na unasemwa hata na watu wanaoswali safu ya mbele. Wanasema: "Mkopo wa nyumba usiulipe haraka. Faranga inashuka kila mwaka, deni linayeyuka lenyewe. Mwenye akili hulipa polepole miaka kumi na tano." Makala haya tumeyaandika kuupinga usemi huo. Sisi tunasema: aliyekwisha kuingia katika mkopo wa riba kwa ajili ya nyumba, wajibu wake baada ya toba ni kutoka humo mapema kadiri awezavyo, kwa kuweka akiba na kulipa zaidi ya kile anachokatwa kila mwezi. Na ambaye hajaingia, asiingie.

TUMEFIKAJE HAPA?

Tangu Gitega ifanywe makao makuu ya kisiasa mwaka 2019, kila mtu anataka kiwanja. Bei zimepanda, kodi za nyumba zimepanda, na mwalimu au muuguzi ambaye mshahara wake unapitia benki anaambiwa: "Chukua kredi, jenga leo, tutakata kidogo kidogo." Muyinga nako, penye biashara ya kahawa na magari yanayokwenda Tanzania kupitia mpaka wa Kobero, mfanyabiashara anaweka hati ya nyumba rehani ili amalizie paa, au aongeze vyumba vya kupangisha.

Hatumlaumu mtu kwa kutaka nyumba. Nyumba ni sitara ya mke na watoto, na Allah ametaja katika Sura An-Nahl kuwa majumba ni utulivu aliotupa. Tunacholaumu ni njia.

Hukumu yake haina giza. Aya za mwisho wa Sura Al-Baqara, kuanzia ya 275 hadi ya 279, zimeharamisha riba na kutangaza vita kutoka kwa Allah na Mtume wake kwa asiyeiacha. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilikutana Jeddah mwaka 1985 likasema faida ya benki juu ya mkopo ni riba. Mwaka 1990, hapohapo Jeddah, likazungumzia mikopo ya nyumba yenyewe na likasema vivyo hivyo.

Wapo wanaotuletea fatwa ya Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti, iliyotolewa Dublin mwaka 1999, iliyowaruhusu Waislamu wa huko kununua nyumba kwa mkopo wa benki. Waisome vizuri! Fatwa ile ilijengwa juu ya dharura na haja ya Waislamu wanaoishi nchi za Magharibi, na ikawekewa masharti: iwe nyumba ya kuishi mwenyewe na familia yake, asiwe na nyumba nyingine inayomtosha, wala asiwe na mali ya ziada ya kuinunulia. Tena wanazuoni wengine wakaipinga. Sasa mtu wa Gitega, anayeweza kununua matofali ya kuchoma elfu moja msimu huu na elfu nyingine msimu ujao, akaweka msingi mwaka huu na mabati mwaka wa tatu, dharura yake iko wapi? Na yule anayekopa ili ajenge vyumba vya kupangisha, yeye ana dharura gani?

TUFANYE HESABU

Wanafunzi wetu wakubwa, chukueni kalamu. Tuseme baba amekopa faranga 20,000,000 kwa miaka 15, na riba ni asilimia 12 kwa mwaka. Kila mwezi atakatwa takriban faranga 240,000. Mwezi wa kwanza, katika hizo 240,000, faranga 200,000 ni riba tupu. Zinazopunguza deni la asili ni 40,000 tu!

Baada ya miaka mitano atakuwa amelipa karibu 14,400,000. Ukimuuliza, atakwambia "nimebakiza kidogo." Siyo. Deni la asili litakuwa limepungua kwa 3,270,000 hivi, na bado anadaiwa zaidi ya 16,700,000. Akifika mwisho wa miaka 15 atakuwa ametoa karibu 43,200,000 kwa mkopo wa 20,000,000. Amejenga nyumba moja, amelipia mbili na zaidi.

Sasa tuseme baba huyohuyo anajibana, anaongeza faranga 60,000 kila mwezi, analipa 300,000. Deni litakwisha katika miezi 111 hivi, yaani miaka tisa na robo. Jumla atatoa karibu 33,100,000. Ameokoa zaidi ya milioni kumi, na amejitoa katika riba karibu miaka sita kabla ya wakati. Hizo milioni kumi ni ada za watoto wangapi?

HOJA YA FARANGA KUSHUKA

Tuwajibu kwa uadilifu. Ni kweli faranga inashuka. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani yake, kutoka takriban faranga 2,100 kwa dola moja hadi takriban 2,800, na sote tulikiona kilichofuata sokoni. Lakini hoja yao ina matundu matatu.

La kwanza: deni linayeyuka kwa yule tu ambaye kipato chake kinapanda pamoja na bei. Mwalimu mshahara wake ulipanda na bei ya mchele? Haukupanda hivyo. Yule anakatwa 240,000 ileile huku sukari, mafuta na nauli vinapanda, na kinachobaki mezani kinapungua. Kinachoyeyuka ni chakula cha watoto.

La pili: hata kama faranga inashuka, kila mwezi unaokaa humo unalipa riba mpya. Mtu aliyeambiwa kuna vita kati yake na Mola wake hakai akipiga hesabu ya faida ya kubaki vitani.

La tatu, na hili ndilo linalotuumiza zaidi: mauti hayangoji miaka 15. Katika Sura An-Nisaa Allah amegawa mirathi, na kila mara akasema ni baada ya wasia na deni. Maana yake nyumba iliyo rehani haigawiwi mpaka deni liondoke. Baba akifariki mwaka wa sita, mama na mayatima wanabaki na nyumba ambayo benki ina neno juu yake kabla yao. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mtu mwenye deni dogo la dinari, asilolipia wala kuliachia mali, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile. Dinari chache! Sisi tunajivunia mamilioni?

Katika hoja yao tunakubali jambo moja: fedha ya faranga iliyolala kabatini inaliwa. Basi msiilaze. Ipelekeni kupunguza deni.

KOSA LA UPANDE WA PILI

Wapo pia wanaosikia riba ni haramu wakasema: "Basi mimi silipi tena." Hili nalo si dini. Deni la asili ni haki ya watu na ni lazima lirudi. Ukiacha kulipa, nyumba itauzwa, na mdhamini wako, pengine mwalimu mwenzako au shemeji yako, atakatwa mshahara wake kwa ajili yako. Utakuwa umetoka katika dhambi moja ukaingia katika dhuluma. Njia ya kutoka ni kulimaliza deni.

NJIA ZA KUTOKA

1. Nenda benki uombe jedwali la malipo la mkopo wako, lenye kuonyesha riba na deni la asili mwezi kwa mwezi. Wengi wetu tunadaiwa bila kujua tunadaiwa ngapi.

2. Soma mkataba. Tazama kama kuna faini ya kulipa kabla ya wakati, na kama wanataka taarifa mapema. Ikiwa faini ipo, ilinganishe na riba utakayoiepuka. Mara nyingi riba ni kubwa zaidi.

3. Unapolipa ziada, andika barua useme wazi kwamba fedha hiyo ipunguze deni la asili na ifupishe muda. Usipoandika, huenda ikahesabiwa kuwa malipo ya mwezi ujao, na hujapata kitu. Baki na nakala yenye muhuri.

4. Kabla ya kuanza kulipa ziada, weka akiba ya dharura: maharage, mchele na fedha ya matibabu ya miezi mitatu hivi. Asiye na akiba, mtoto akiugua, atarudi kukopa.

5. Tafuta ziada katika vitu vinavyojulikana: arusi za kushindana, kanga na suti za sare kwa kila sherehe, simu mpya kila mwaka. Chumba cha uani kinaweza kupangishwa. Lakini zaka, matumizi ya mke na watoto na haki za wazazi visiguswe.

6. Mchezo wa upatu, ambapo kila mtu anatoa sawa na kupokea sawa kwa zamu, unafaa sana. Zamu yako ikifika, fedha yote iende kwenye deni. Lakini tahadharini na vikundi vya kuweka na kukopa vinavyotoza asilimia tano au kumi kwa mwezi! Ile nayo ni riba, hata kama wakopeshaji ni akina mama wa mtaani na kikao kinafunguliwa kwa dua. Usizime moto kwa petroli.

7. Mume na mke wakae pamoja, waandike deni lote katika wasia, kama tulivyoamrishwa kuandika madeni katika aya ya 282 ya Al-Baqara. Mke asije kulijua deni siku ya matanga.

Na aliyenunua kiwanja au mabati kwa awamu kutoka kwa muuzaji, kwa bei moja waliyokubaliana tangu mwanzo, huyo hayumo katika riba. Naye akiweza alipe mapema. Baraza la Jeddah mwaka 1992 liliruhusu mwenye kudai apunguze deni kwa anayelipa kabla ya wakati, maadamu halikuwa sharti katika makubaliano yao. Wafanyabiashara wetu wa Muyinga, hii ni sadaka iliyo mikononi mwenu.

NENO KWA MASHEIKH NA KAMATI ZA MISIKITI

Tukipanda mimbari tukasema "riba haramu" kisha tukashuka, tumefikisha nusu. Mwenye deni anauliza: "Niende wapi?" Mwaka 1963, katika mji mdogo wa Mit Ghamr nchini Misri, Dkt. Ahmad al-Najjar aliwakusanya wakulima na mafundi waweke akiba ndogo ndogo bila riba na wakopeshane bila riba. Jaribio lile halikudumu miaka mingi, lakini ndilo linalotajwa kuwa mwanzo wa benki za Kiislamu za zama hizi. Mwaka huohuo Malaysia ilianzisha mfuko wa akiba ya Hija, nao upo mpaka leo. Maji ya Ruvubu yetu yanafika Nile na kupita Misri. Je, fikra ile haiwezi kupanda mto ikatufikia?

Majirani hawakulala. Kenya ilipata benki mbili za Kiislamu mwaka 2008, na Tanzania ikapata Amana Bank mwaka 2011. Sisi tuanze na kidogo: kila msikiti wa Ijumaa uwe na sanduku la mkopo mwema, lenye daftari, mashahidi na waweka hazina watatu. Lianze na wenye deni la nyumba lililobaki dogo, wamaliziwe, nao warudishe bila nyongeza ili mwingine asaidiwe. Na wale waliofilisika kabisa tusisahau kwamba wenye madeni wametajwa katika aya ya 60 ya Sura At-Tawba miongoni mwa wanaostahiki zaka.

Nanyi wanafunzi, mtaajiriwa kesho. Mshahara wa kwanza ukiingia, benki itawatafuta kabla hamjaitafuta. Anzeni na tofali. Nyumba ya vyumba viwili isiyo na deni, yenye sakafu ya udongo kwa mwaka mmoja, ni bora kuliko ya vigae ambayo mwenyewe anaamka usiku akihesabu.

Tunamuomba Allah awaondolee wenye madeni mzigo wao, atutosheleze kwa halali yake tusiihitaji haramu, na azifanye nyumba zetu kuwa za utulivu duniani na sababu ya kupata nyumba Peponi. Amin.

Wabillahi Tawfiq.