Je, Nyimbo Nzuri Hutoka Ng'ambo Tu?

Wako watu kwetu, tangu Musoma hata Bunda, wasemao kwamba muziki wa adabu ni ule uliovuka bahari, na litungu ni chombo cha washamba. Harusini mpiga litungu huketishwa uani, akapewa chakula na kuagwa kabla wageni wakubwa hawajafika. Neno hili nalikataa, wala silikatai kwa kuchukia mambo ya wageni.

Mwaka 1757 Mwitalia mmoja, Locatelli, alikwenda Petersburg na kundi lake, akaonyesha opera za kuchekesha mbele ya Malkia Elizabeth wa Urusi. Maneno yalikuwa ya Kiitalia. Mwenyewe alifilisika mwishowe. Lakini Warusi hawakuketi kupiga makofi tu: mwaka 1779 walikuwa na opera yao, habari za msaga unga mwenye hila, kwa Kirusi na kwa sauti za nyimbo za vijijini.

Tuje karibu. Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hata 1888, yasimuliwa kwamba alileta wapigaji kutoka Misri, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim huko Kairo ajifunze kinanda cha nyuzi kiitwacho kanuni. Taarab ikawa ya jumba la mfalme, ikaimbwa kwa Kiarabu. Mvuvi aliisikia nje ya ukuta, kama aliisikia. Aliyewapa watu ni nani? Ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyepata kuuza vyungu. Aliimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri huko Bombay. Waliomcheka kwa ajili ya asili yake, majina yao nani ayajua?

Mtasema, huyo ni mtu wa pwani. Haya, twendeni Butiama. Mwalimu Nyerere, Mzanaki, hali akitawala nchi, alitwaa mchezo wa kuchekesha wa Shakespeare akautia katika Kiswahili. Ukachapwa mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Mfanya biashara wa Kiingereza akageuka bepari! Wako wanaoona ameupotoa. Mimi naona alifanya kama mwenye nyumba: mgeni alimkaribisha, lakini kiti alimchagulia yeye.

Basi ninyi mnaomfungia mpiga litungu mlango, nijibuni: katika nyimbo zile za ng'ambo mnazozisifu, ni ngapi mnazojua maana ya maneno yake? Na mzee yule akiitwa ndani, akaketishwa karibu na bibi arusi, akapiga wimbo ambao bibi zake wote wanaujua, ni mgeni gani atakayeondoka amevunjiwa heshima?