AFYA YAKO: Mifupa ya bibi inataka kazi

Hapa Ijuganyondo utasikia watu wakisema: "Bibi amezeeka, mwacheni akae." Wanasema hivyo kwa kumpenda. Lakini kukaa tu kunamdhuru.

Mfupa ni kitu hai. Kila siku mwili huubomoa kidogo na kuujenga tena. Mwanamke akikoma hedhi, mfupa hubomoka upesi kuliko unavyojengwa. Huwa mwepesi na dhaifu. Mara nyingi hasikii maumivu mpaka mfupa uvunjike. Huvunjika kifundo cha mkono, nyonga au pingili za mgongo. Pingili zikivunjika, bibi hupungua kimo na mgongo hupinda.

Bibi akikaa bila kazi, misuli hulegea. Misuli ikilegea, huanguka. Mfupa dhaifu hauvumilii kuanguka.

Basi bibi afanye nini?

1. Atembee kila siku. Mvua ikinyesha njia huteleza, basi ashike mkongojo.

2. Akae kwenye kiti imara, kisha asimame bila kujisukuma kwa mikono. Arudie mara 10.

3. Ashike ukuta, ainue visigino, avishushe polepole. Mara 10.

4. Ashike nguzo, asimame kwa mguu mmoja, ahesabu mpaka 10. Kisha abadili mguu.

Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi kwa wiki.

Asibebe mzigo mzito. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Achote kidogo kidogo. Akiokota kitu chini, akunje magoti, si mgongo.

Chakula pia ni dawa. Ndizi peke yake haitoshi. Aongeze maharage, na dagaa wa ziwani walioliwa pamoja na mifupa yao.

Je, bibi wanaweza mazoezi? Wanaweza. Shirika la Kwa Wazee lilianza mwaka 2003 huko Nshamba, wilayani Muleba. Akina bibi wa huko wamefanya mazoezi kwa vikundi, hata kucheza mpira wa mikono.

Bibi aliyewahi kuvunjika mfupa amwone mganga kabla ya kuanza. Akianguka akashindwa kusimama, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Wewe mjukuu unayesoma, msomee bibi yako ukurasa huu. Kisha mshike mkono, mtembee pamoja.