Uyoga: Hakuna Anayekuonyesha Siku ya Nne

Wasee, nianze na aibu yangu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, nilimwambia mathe asijali, nitapanda uyoga. Nilikuwa nimetazama video kama hamsini hivi. Chumba cha nyuma hapa Lanet, majani makavu ya ngano kutoka Njoro, mbegu, giza, unyevu. Na ukweli usemwe, ulimea. Kilo nane za oista, nyeupe, pana kama masikio. Nilipiga picha hadi simu ikajaa.

Siku ya pili nikapata broka. Akatoa nusu ya bei tuliyokuwa tumeongea. Nikakataa. Akasema, "Sawa brathe, utanipigia." Siku ya nne nikampigia. Uyoga ulikuwa umegeuka kahawia, unateleza, unanuka. Hakushika simu. Wote ulienda shimoni. Mathe hakusema kitu, na hiyo ndiyo iliuma.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya: kama hujui kuhifadhi uyoga, bado hujajua biashara ya uyoga. Hao wanaotuuzia ndoto mtandaoni wanakuonyesha siku ya kuvuna. Siku ya nne hakuna anayekuonyesha. Yule broka hakushindi akili, ana muda tu. Yeye anangoja, wako unaoza.

Friza inakupa muda. Lakini usiutupe huko ukiwa mbichi. Karibu asilimia 90 ya uyoga ni maji, na maji yakiganda yanaupasua kwa ndani. Halafu kuna vimeng'enya, vile vitu vinavyoufanya ugeuke rangi, ambavyo vinaendelea na kazi polepole hata kwa baridi. Joto ndilo linavizima.

Fanya hivi siku ile ile ya kuvuna. Uoshe haraka bila kuloweka, ukatekate. Weka kwa chujio juu ya sufuria ya maji yanayochemka, funika, mvuke dakika 3. Upoeshe kwa maji baridi, uchuje vizuri, kisha ugandishe kwa vipimo vya mlo mmoja mmoja. Chombo? Ule mkebe wa aiskrimu ambao ukifungua unapata githeri. Andika tarehe juu. Siku ya kupika mchuzi, usingoje uyeyuke, utupe moja kwa moja kwa kitunguu na nyanya.

Najua mtasema, "Na stima ikipotea?" Swali poa. Sote tunakumbuka Agosti 2023, karibu nchi nzima giza. Friza kubwa iliyojaa, usipoifungua, inashikilia baridi kama siku mbili. Ikiwa nusu, siku moja. Kale kasehemu kadogo ka juu ya friji hakafiki hapo, kwa hivyo tokeni zisiishe. Uyoga ukiyeyuka ukiwa bado baridi, upike siku hiyo. Ukishapata joto, tupa, hata kama roho inauma.

Na siwadanganyi, uyoga uliogandishwa ni laini. Mteja anayetaka ule wa kuvunwa leo hautamfaa, na usimdanganye. Lakini kwa supu, mchuzi ama samosa, hakuna atakayelalamika. Mavuno ya pili niliuza kilo tano mbichi kwa bei yangu. Tatu zikaingia friza ya shangazi. Wiki iliyofuata zikawa samosa, mimi na mathe tukaziuza hapo stejini. Sikutajirika. Lakini hakuna kilichoenda shimoni, na yule broka alipopiga safari hii, sikuwa na haraka. Tuliongea bei kama watu wawili.

Kwa hivyo kabla hujatuma pesa ya mbegu, tafuta friza kwanza. Kama kwenu hakuna, ongea na jirani, mgawane tokeni. Kisha jiulize swali moja tu: siku ya nne, uyoga wangu utakuwa wapi?