Kusema "Hapana, Bosi" Si Ujeuri

Wenzangu tunaojiandaa kwenda fildi, hasa nyie mliopangiwa huku Singida, hebu tuongee. Kila mwaka tunapewa ushauri uleule: ukifika ofisini nyenyekea, usibishe, tabasamu. Mimi naona nusu ya ushauri huo ni sumu.

Mkubwa kazini mpe shikamoo yake, tena kwa moyo. Lakini shikamoo siyo hati ya kukubali kila kitu. Mwanafunzi wa uhasibu anapelekwa kiwanda cha kukamua alizeti, wiki nane zinaisha anatumwa chai, anatoa kopi, anahesabu magunia ya mashudu mpaka saa 2 usiku. Analia chooni, akirudi anasema "hamna shida, bosi". Shida ipo! Hasira ukiimeza asubuhi inamtokea jioni mtu asiyehusika, mara nyingi mdogo wako kwenye simu.

Tusidanganyane, tatizo siyo woga tu. Anayekutuma chai ndiye anayejaza fomu ya alama zako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo: saa 45 za kawaida kwa wiki, siku 6, na mapumziko ya dakika 60 ukifanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo. Saa za ziada ni kwa makubaliano, na malipo yake ni mara moja na nusu. Nzuri sana, ila imeandikwa kwa ajili ya mwajiriwa. Wewe wa fildi huna mkataba wa ajira. Na hata ukiajiriwa, kabla ya miezi 6 vifungu vinavyozuia kuachishwa kazi isivyo haki havijakufikia. Ndiyo maana wanaotuambia "jiamini tu" wananichosha.

Kwa hiyo jieleze mapema, kabla hujafura. Wiki ya kwanza omba orodha ya kazi, iandike kwenye daftari la fildi. Ukizidiwa, zungumzia kazi, siyo mtu: "Samahani mama, hesabu za stoo sijamaliza, nikienda posta sasa hivi zitalala. Nianze na ipi?" Hujamvunjia heshima, na uamuzi umebaki kwake.

Chama chetu nacho kiamke. Fomu ya tathmini iwe na ukurasa wa mwanafunzi kueleza alichofanya kweli, na mhadhiri anayekuja kukagua atusikilize faragha, siyo msimamizi akiwa amekaa pembeni anatutolea macho. Hoja hiyo naipeleka kikao kijacho. Anayeniunga mkono aje.