Mali bila daftari, hata bastola ya kale ni chuma tu

Huku mpakani kuna imani iliyoota mizizi kwamba kitu chochote cha kale ni utajiri uliojificha. Panda gari lolote la abiria linalotoka Kigoma kuja Burundi, hutakosa kumsikia mtu mwenye habari za sarafu ya Mjerumani, saa ya mkoloni au bastola ya babu ambayo eti kuna mzungu anaitafuta kwa mamilioni. Mimi ni mwalimu, biashara si fani yangu. Lakini nasema bila kumung'unya maneno: ukale peke yake hauna bei. Chenye bei ni ushahidi.

Mfano mzuri uko mbali na hapa, Marekani, kwa watu wanaokusanya rivolva za zamani. Wanazozipenda zaidi ni zile ambazo mpigaji hulazimika kuvuta nyundo nyuma kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Iliyo maarufu kuliko zote ni Colt Single Action Army, iliyoanza kutengenezwa mjini Hartford, jimbo la Connecticut, mwaka 1873, na mwaka huo huo jeshi la Marekani likaichagua. Hadi uzalishaji wa awamu ya kwanza uliposimama mwanzoni mwa miaka ya 1940, zilikuwa zimetoka zaidi ya 350,000. Kwa hiyo bastola hiyo yenyewe si kitu adimu.

Kinachogombewa ni matoleo yaliyotoka machache. Kuna za kulengea shabaha mashindanoni, zenye fremu iliyosawazishwa juu, ambazo za umbo la kawaida hazikufika hata 1,000. Kuna Bisley ya mwaka 1894, yenye kitako kilichopinda, iliyopewa jina la uwanja wa shabaha wa Uingereza. Na kuna za mtutu mfupi, zisizo na kijiti cha kusukumia maganda ya risasi, ambazo wenyewe huziita za masherifu au za wenye maduka.

Hapo ndipo ujanja unapoingia. Mtutu mrefu hukatwa kwa msumeno ukawa mfupi. Herufi hugongwa kwa nyundo zikaonekana za karne iliyopita. Kampuni ya usafirishaji ya Wells Fargo iliwahi kununua rivolva aina ya Schofield zilizotoka jeshini, ikafupisha mitutu na kuzigonga alama yake. Leo mkusanyaji makini akiona alama hiyo hafurahi kwanza. Hushtuka kwanza, maana walioghushi ni wengi.

Basi mnunuzi hujiokoaje? Huanza na namba. Colt ya aina hiyo hugongwa namba yake kwenye fremu, kwenye kinga ya kifyatulio na kwenye mgongo wa kitako. Zikipishana, bei huanguka. Kisha hutazama rangi. Bastola iliyochakaa lakini ikabaki na rangi ya kiwandani huipita kwa mbali ile iliyosuguliwa na kupakwa upya ikang'aa. Anayeisugua hudhani anaongeza thamani, kumbe anafuta historia.

Mwisho, na hili ndilo kubwa, mnunuzi huandikia kiwanda. Colt walihifadhi madaftari yao ya mauzo. Kwa malipo, idara yao ya kumbukumbu hutafuta namba na kutoa barua inayoeleza bastola hiyo ilitoka kiwandani lini, ikiwa na mtutu wa urefu gani, na ilipelekwa kwa nani. Mtu atasema karatasi nayo hughushiwa. Ni kweli. Ndiyo maana maneno ya barua hiyo hayatoki kwa muuzaji. Yanatoka kwenye daftari la mtu ambaye leo hafaidiki kwa bei kupanda au kushuka, na mwenye shaka anaweza kuuliza tena.

Tena daftari hufundisha mambo ambayo macho hayawezi kuona. Miaka ya 1890 jeshi la Marekani lilikusanya rivolva zake kuukuu na kupunguza mitutu kutoka inchi 7.5 hadi 5.5. Nyingi zilifunguliwa na kuunganishwa upya bila kujali namba. Ukikutana na mojawapo ya hizo leo, namba zinazopishana si kasoro. Ni jambo la kutarajiwa. Asiyejua historia angeitupa.

Daftari pia huumbua hadithi tamu. Mwaka 1931 mwandishi Stuart Lake alichapisha kitabu kilichodai kuwa mtunzi Ned Buntline aliagiza Colt tano za mtutu wa inchi 12 awazawadie askari maarufu, akiwemo Wyatt Earp. Watu waliamini, televisheni ikaipamba hadithi, na mwaka 1957 Colt wenyewe wakaanza kuuza bastola yenye jina hilo. Lakini kumbukumbu za oda hiyo hazikuonekana katika madaftari ya kiwanda.

Upande wa pili, Agosti 2021 Colt moja iliuzwa mnadani Los Angeles kwa zaidi ya dola milioni 6. Ni ile ambayo Pat Garrett alimwulia Billy the Kid mwaka 1881. Chuma chake ni kama cha dada zake nyingi za wakati ule. Kilichoipandisha ni mlolongo wa ushahidi kutoka mkono hadi mkono.

Sasa turudi kwetu. Ndugu mfanyabiashara, nisieleweke vibaya nikadhaniwa ninakutuma ukatafute bastola. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 huihesabu silaha iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla kuwa kitu cha kale. Usidhani sheria hiyo inavuka mpaka pamoja nawe. Ukikamatwa na bastola ya babu bila kibali, utaitwa mhalifu, si mkusanyaji. Na anayekuomba utangulize fedha ili akuletee mnunuzi, huyo ndiye aliyepata mnunuzi.

Nchi zetu zilitia saini Itifaki ya Nairobi mwaka 2004, inayotaka silaha zitiwe alama na kuwekewa kumbukumbu. Namba ile ile ambayo Marekani hupandisha bei, huku kwetu ingeonyesha bunduki iliyomwua jirani ilitoka ghala gani. Anayeifuta namba hiyo kwa tupa hafuti tarakimu. Anamfuta shahidi.

Somo hili halihusu silaha peke yake. Ile cheti rahisi ya uasili wa bidhaa ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni ndugu wa barua ya Hartford: inasema mali ilikotoka. Wapo wanaoiona usumbufu, wakapita njia za panya, kisha wakalia mzigo ukitaifishwa.

Na sisi tuliosomea uhamishoni tunalijua hili hadi kwenye mifupa. Wapo wenzangu walioeleza elimu yao vizuri, kwa lugha tatu, wakajibiwa katika ofisi kwamba maneno si cheti. Aliyepona ni yule ambaye mwalimu wake wa kambini aliandika jina lake kwenye rejista, na rejista hiyo ikahifadhiwa.

Wahenga wa madukani walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tunza risiti, tunza kadi ya kliniki ya mtoto, tunza matokeo ya mtihani hata yakiwa mabaya. Nanyi viongozi wa mitaa na wakuu wa shule, msichome makabrasha ya zamani mkidhani ni takataka. Huenda humo ndimo kuna ushahidi pekee wa mtu aliye hai.