Kuvu ya Nafaka na Damu ya Uzazi

Ejometrini, sindano ya kuzuia damu isimtoke mno mama aliyejifungua, asili yake ni sumu. Kuvu nyeusi, mfano wa kucha ndefu, huota katika masuke ya nafaka ya Ulaya iitwayo rai. Zamani waliokula mkate wa unga wenye kuvu hiyo walioza vidole hata vikakatika. Hata hivyo wakunga wa huko waliitumia kuhimiza uzazi. Kazi ya kubahatisha, maana nguvu yake haikuwa na kipimo.

Mwaka 1935, mjini London, mkemia Dudley na tabibu Moir waliitenga alkaloidi yenyewe. Katika miaka hiyo ya 1930, Albert Hofmann wa Basel, Uswisi, aliiunda maabarani, lakini asidi aliyoanzia ilitoka katika kuvu ile ile. Kuiunda asidi hiyo pasipo kuvu kulifanikiwa Marekani mwaka 1954, kwa mikono ya Kornfeld, Woodward na wenzao. Elimu kubwa hiyo! Ila njia yao ilikuwa ndefu na ghali, na viwanda vikaendelea kuitegemea kuvu.

Siku hizi oksitosini ndiyo hutangulizwa. Mama mwenye shinikizo la damu asichomwe ejometrini. Amweleze mkunga mapema. Tena dawa hii huharibiwa na joto na mwanga, hivyo huwekwa gizani katika nyuzi 2 hadi 8. Nawe baba, kuuliza kama jokofu la zahanati linafanya kazi si utovu wa adabu.