Moshi wa mawese wagusa afya za wakamuaji Simbo

Tangu mwaka 2018 Serikali imelipa zao la michikichi mkoani Kigoma msukumo mpya, hususan kupitia utafiti na ugawaji wa miche bora. Kadiri mavuno yanavyoongezeka, ndivyo kazi inavyoongezeka katika maeneo ya ukamuaji vijijini, ikiwemo Simbo.

Chikichi huchemshwa kwa saa kadhaa ndani ya mapipa juu ya moto wa kuni. Mafuta yakishakamuliwa huchemshwa tena ili maji yakauke. Moshi wake hubeba chembechembe laini zinazopenya hadi mapafuni na kuchochea magonjwa ya kifua na moyo. Wengi wanaoshinda mbele ya moto huo ni wanawake, baadhi wakiwa na watoto wadogo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri kuwalinda wafanyakazi wake. Hata hivyo, mkamuaji wa kijijini aghalabu amejiajiri; hakuna wa kumwajibisha anapoungua au kuugua. Nao Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024–2034, unaolenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania, umejikita katika upishi wa majumbani na kwenye taasisi.

Pengo hilo linazibika. Majiko sanifu yenye bomba la kutolea moshi hupunguza madhara na kuokoa kuni, na vikundi vya wakamuaji vinaweza kuyajenga kwa mikopo ya halmashauri. Aidha, maji machafu ya mawese yaelekezwe kwenye mashimo yaliyo mbali na vijito vinavyoingia Ziwa Tanganyika.